Makoti ya Nchi ya Barafu

Alhamisi alasiri, duka lile la dobi chini ya maghorofa ya The Pearl lilijaa kama mlango wa zahanati. Mwenye kanzu ya Ijumaa aliitaka sasa hivi, mwenye suti ya harusi naye aliapa kwamba bwana harusi ni yeye. Riziki alikuwa amesimama kaunta tangu asubuhi, miguu imemvimba ndani ya viatu vyeusi vya kampuni, mtandio wake wa bluu umelowa mvuke wa pasi. Ulikuwa mwaka wake wa sita wa kusimama hivyo. Uso wake ulikwisha jifunza kutabasamu wenyewe, mwenye uso akiwa amelala kwa ndani.

"Anayefuata!"

Aliyefuata hakuonekana uso. Lilikuja rundo la makoti mekundu, manene kama magodoro, na juu yake jozi mbili za buti za mpira. Nyuma ya rundo ilitoka sauti ya mwanamume.

"Dada yangu, yapokee haya kabla sijazikwa nayo."

"Ya nani? Kwa joto la Doha, nani ana wazimu wa kuvaa godoro?"

"Bosi wangu, Mzee Nasri. Na mimi."

Akayatua, akaonekana. Mrefu, mkavu, wa miaka arobaini hivi. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka mstari wa mkono ungeweza kukata mkate, na kofia ya kushonwa kwa mkono imekunjwa vizuri mfuko wa kifuani. Alitoa karatasi, akakohoa kama imamu anayetaka kusoma hotuba.

"Kuna masharti. Isibaki mbegu hata moja, wala jani, wala chembe ya mchanga. Mifukoni, kwenye pindo, kwenye hii mikanda ya kunata. Mzee kaazima kwa rafiki yake aliyepanda nayo milima, yana majani mpaka kofiani."

"Mnakwenda wapi ambako mchanga wa Doha hautakiwi?"

"Kusini kabisa, dunia inakokwisha. Tunapanda meli ya kutembelea barafu. Nchi haina mji, haina duka, haina mti. Wanaogopa mbegu ya nyasi ikidondoka kutoka kwenye koti lako itaota, na wale ndege wao wasiojua kuruka watapata shamba wasiloliomba."

Nafula, Mkenya wa Bungoma aliyekuwa kwenye pasi, akacheka mpaka pasi ikapiga mluzi. "Woi! Mtu analipa pesa aende kugandishwa? Si angeniambia tu nimfungie kwa friji ya kule canteen!"

"Mzee amekaa Ghuba miaka arobaini," yule mtu alisema, naye akicheka. "Anasema amechoka na kelele za viyoyozi. Anataka baridi isiyo na mota. Mimi ni dereva wake, na magoti yake hayamchukui, basi nakwenda kuwa magoti."

Riziki akaandika risiti. "Jina?"

"Twaha. Wa Bagamoyo. Na wewe usiniambie, nitalisoma hapo kifuani." Akasoma kibandiko cha jina. "Riziki. Alhamdulillahi. Nimeitafuta tangu asubuhi."

"Itafute mbele ya foleni, kaka, watu wanasubiri."

Lakini alipogeuka kuyatundika yale makoti alikuta anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa chake, si kile cha kaunta.

Kazi ile haikuwa ya mashine. Riziki alikaa na kibanio cha nyusi, akang'oa mbegu moja moja katikati ya vijinywele vya ile mikanda, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa. Kila jioni Twaha alipita kuuliza zimefika ngapi. Siku ya kwanza alikuja na chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki. Siku ya pili alikuja na chai na vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega, lakini fanya upesi, msimamizi anatuangalia."

"Nina mzigo hauna kamba, hauna mpini, na aliyeubeba hata akilala hautui."

Riziki akafikiri, kibanio kikiwa hewani. "Mimba?"

"Mimba hutuliwa."

"Dhambi?"

"Hutubiwa. Umeshindwa, nipe mji."

"Chukua Doha."

"Doha nimeshaichoka, na wala si yako uitoe. Nipe mji wa kweli."

"Basi chukua Korogwe, kwetu."

"Korogwe naipokea!" Akapiga kaunta. "Nilikwenda Korogwe, wakanilaki kwa ngoma, wakanichinjia mbuzi, wakaniuliza, mgeni unataka nini? Nikawaambia mimi sitaki kitu, nimekuja kupumzika. Jibu ni uchovu wa ugenini, Bi Riziki. Korogwe sehemu gani vile?"

"Manundu, nyuma ya soko. Unauliza ya nini?"

"Mtu akipewa mji asijue mitaa yake?"

Nafula akamnong'oneza Riziki jioni ile ndani ya basi la kampuni, wakirudi Al Mansoura kwenye chumba chao cha watu wanne: "Sister, huyo jamaa amekuangukia kabisa. Hata chai ya karaki haninunuliangi mimi, na tuko duka moja."

"Niache, Nafula. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeachwa, nina binti wa miaka kumi na nne kwa mama yangu. Nguvu za kupenda nitazitoa wapi?"

"Utazitoa huko unakotoa za kumngoja saa kumi na moja ikifika."

Wiki tatu zilipita hivyo. Kisha Twaha akasafiri na mzee wake, na sauti yake ikahamia kwenye simu. Mara ya mwisho alipiga kutoka bandarini, Riziki akiwa ndani ya basi, kichwa ameegemeza kioo.

"Mpenzi, hapa ni adhuhuri na nimevaa suruali tatu."

"Mimi nimevaa moja na inanilemea. Mmefika?"

"Ndiyo tunapanda. Wametukagua jamani! Mzungu kashika tochi, kapekua kila mfuko, kakuta safi. Akauliza, nani kafanya kazi hii? Nikamwambia, yuko Doha, ana kibanio."

Riziki akacheka macho yamefumba. "Utapiga tena lini?"

"Siku kumi na mbili hutanisikia. Mzee atazikusanya simu zetu, azifungie kwenye sefu. Anasema kaja kupumzika na milio. Riziki wangu, nikirudi tutakuwa na maneno."

"Maneno gani?"

"Ya watu wazima. Lala, sauti yako imechoka."

Siku ya tisa ilikuwa mbaya. Mashine mbili ziliharibika, mteja mmoja alimfokea Riziki kwa kanzu ambayo hata hakuipokea yeye, na msimamizi akamwongezea saa tatu. Alipofika kituoni, basi likiwa limeshawasha injini, simu ikalia. Mama yake, Bi Time.

"Mwanangu, kaa kitako nikwambie neno. Imekuja posa."

"Mama, niko barabarani."

"Imekuja barua nzuri, imefungwa kwenye leso nyeupe. Wazee wawili, wamevaa kanzu na makoti, watu wa heshima. Baba yako mdogo Faraji ndiye aliyeipokea. Wewe si mwari, kimya chako si jibu. Ulishaolewa, lazima useme kwa kinywa chako."

Riziki alisimama na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Mwaka juzi walimletea mwenye mashine ya kusaga, mwaka jana mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye watoto saba. Kila mara alieleza, akalia, akaomba radhi. Leo maneno ya kueleza hakuwa nayo. Na moyoni mwake alikuwamo mtu aliyevaa suruali tatu.

"Rudisheni."

"Ngoja basi nikusomee jina, wanatoka—"

"Sitaki jina, mama! Hata akiwa nani. Nimechoka, rudisheni barua ya watu!"

Akakata. Akakaa. Kabla basi halijafika njia panda ya kwanza alikuwa amelala.

Siku ya kumi na mbili alioga akajipaka hina. Siku ya kumi na tatu alisubiri simu. Siku ya kumi na tano aliona kwenye WhatsApp kwamba Twaha yuko hewani. Akaandika, "Karibu tena nchi yenye joto." Alama mbili zikageuka bluu. Jibu halikuja. Siku ya kumi na nane aliandika tena, akafuta. Mtu akienda mwisho wa dunia, alijiambia, huenda huko ndiko anakowaona watu vizuri jinsi walivyo, na yeye Riziki kwa mbali alikuwa mwanamke wa kaunta mwenye miguu iliyovimba.

"Mpigie," Nafula alisema.

"Simpigii."

"Aki nyinyi Watanzania na adabu zenu! Mtakufa kwa heshima."

Siku ya ishirini makoti mekundu yalirudi dukani. Yalinuka samaki na kinyesi cha ndege mpaka wateja wawili wakasogea mlangoni. Lakini aliyeyabeba hakuwa Twaha. Alikuwa Tony, dereva wa ghorofa ya jirani.

"Mwenyewe yuko wapi?" Riziki aliuliza, sauti akiishikilia isianguke.

"Yuko hapo chini parking, amelaza kiti. Ameniambia yeye hapa duka hili haji tena." Tony akajikuna shingo. "Dada, sijui mmekosana nini, lakini huyo mtu hali vizuri."

Ilikuwa saa ya mapumziko, nusu saa kamili. Riziki hakuvua hata aproni. Nafula akamsukuma: "Enda! Mimi nitasema uko chooni, tumbo linakusokota."

Chini kulikuwa na kiza kidogo na harufu ya moshi. Alilikuta gari jeupe, kioo kimeshushwa, Twaha amelala chali na kofia usoni. Amekonda. Pua imebabuka kwa baridi, ngozi inabanduka.

"Twaha."

Akatoa kofia usoni. Hakukaa. "Bi Riziki. Makoti yana shida?"

"Mimi ndiye nina shida. Ulisema tutakuwa na maneno. Yako wapi?"

"Maneno yalikwisha semwa." Akaiangalia dari ya gari. "Meli ilipofika bandarini mzee katurudishia simu. Ujumbe wa kwanza kufungua ulikuwa wa mjomba wangu. Barua imerudi. Leso yake haikufunguliwa hata mara ya pili. Mwanamke amesema hataki kusikia hata jina. Sasa mimi nije dukani kwako kufanya nini, kudai risiti?"

Riziki alishika mlango wa gari. "Barua gani?"

"Riziki, usinifanyie hivyo."

"Barua gani, Twaha?"

"Barua ya Korogwe! Manundu, nyuma ya soko! Wazee wawili, mjomba na Sheikh Harun. Niliwatuma niliposafiri, ili nikirudi nikute jibu."

Riziki alikaa chini palepale, kwenye ukingo wa saruji. Wazee wawili. Kanzu na makoti. Ngoja nikusomee jina. Kumbe mtu anaweza kuufunga mlango wake mwenyewe akiwa nusu usingizini, mguu mmoja kwenye ngazi ya basi.

"Sikujua," alisema. "Wallahi sikujua ni wewe. Nilikuwa nimechoka, sikuuliza jina. Nilikataa kwa sababu yako."

Twaha akainuka taratibu, akakaa wima. "Kwa sababu yangu ulinikataa mimi?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia? Kila jioni uko pale na chai!"

"Nikuulize ndoa kaunta, katikati ya soksi za watu? Nilitaka wewe uombwe kwa heshima, kwenu, kama mtoto wa watu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kule nilimbeba mzee mgongoni mpaka juu ya theluji. Nikamtua. Pakawa kimya, Riziki, kimya mpaka nikasikia saa yake ya mkononi. Nikafurahi. Nikasema, sasa hivi wanaisoma Manundu."

Gari moja likapita, likawamulika, likaenda zake.

"Nirudishie barua," Riziki akasema.

"Hairudi mara mbili. Unamjua mjomba? Ameapa. Anasema ametukanwa kwenye uzee wake."

Riziki akatoa simu kwenye aproni. Mwanamke kuifuata posa iliyokwisha rudi, kwao lilikuwa jambo la kuimbwa kwenye ngoma mwaka mzima. Akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba! Leo umemkumbuka Faraji? Aibu uliyonitia juzi imekutosha, au umebakiza?"

"Imebaki kidogo, baba. Ile barua. Namtaka mwenyewe."

Upande wa pili kulisikika mashine ya cherehani ikisimama. "Unasemaje?"

"Niliikataa bila kumjua. Ninamjua. Yuko hapa, anasikia."

"Anasikia! Wewe mtoto una haya? Ile barua iko Bagamoyo! Nimeirudisha kwa mkono wangu huu!" Akapumua kwa nguvu. "Sasa sema vizuri, kwa kinywa chako, nisije nikaumbuka mara mbili."

Riziki alimtazama Twaha, pua yake iliyobabuka, mvi zake tatu za kidevuni. "Nimemkubali Twaha, kwa hiari yangu, na akili zangu zote. Zilizobaki."

Twaha alikuwa ameshika usukani kama gari liko kwenye mwendo.

"Upande wa mke kuifuata barua kwa mume," Baba mdogo Faraji alisema mwishowe, kama anayeongea na cherehani. "Haijapata kutokea katika ukoo huu. Watu watasema nini?" Akaguna. "Nitakwenda Jumamosi. Mwambie huyo kijana mjomba wake anipikie wali, na asinifokee kabla sijala."

Simu ikakatika. Twaha alishuka, akauacha mlango wa dereva wazi.

"Mapumziko yako yamebaki dakika ngapi?"

"Kumi."

"Ingia, ulale."

"Watu wataona."

"Nitaacha mlango wazi, nitasimama nje. Baba yako mdogo anakwenda kula wali kwa ajili yako, na mimi nisiweze kusimama dakika kumi?"

Riziki aliingia, akavua vile viatu vyeusi. Kiti kilikuwa kimelazwa tayari, bado kina joto la mgongo wa Twaha. Kwa miaka sita hakuwahi kulala bila kengele ya simu sikioni, bila kuihesabu saa hata ndotoni. Sasa saa ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Alipumua mara tatu, akazama.

Twaha alisimama kando ya mlango, mgongo kwake, kama mlinzi wa benki. Dakika kumi zilipotimia aliitazama saa, akamtazama yeye, kinywa kimefunguka kidogo kama mtoto.

Akamwongezea mbili.