Kivuli Juu ya Bega la Kushoto

Babu yangu alikuwa mpiga picha. Alibeba kamera ya sanduku la mbao begani, na wakubwa kwa wadogo walimheshimu kwa sababu hakuharibu sura ya mtu. Baba yangu alirithi kazi hiyo pamoja na jina hilo jema. Mimi nilipokea kutoka kwake studio, chumba cha giza cha kusafishia picha, na kamera za filamu. Nayasema haya ili ieleweke kwamba katika ukoo wetu picha haikuwahi kumtisha mtu.

Filamu zilipoadimika madukani, mwanangu alinunua kamera ya dijitali. Sikumzuia. Chumba cha giza tulikifunga, na kazi ikaendelea. Asubuhi alifagia, akatandaza pazia jeupe ukutani, akaweka kiti mbele yake na kungoja wateja.

Siku moja alikuja mshona viatu wa mtaani kwetu, akitaka picha ya kitambulisho. Picha ilipotokea kwenye kompyuta, mwanangu aliinama kuitazama. Juu ya bega la kushoto la mzee yule palikuwa na kivuli. Kilikuwa cha kijivu, cha duara, hakina kingo, kama kichwa cha mtu aliyesimama nyuma yake.

"Baba, njoo uone. Kulikuwa na mtu nyuma yake?"

"Nyuma yake kuna ukuta," nilimjibu.

Mteja aliyefuata, kivuli kilikuwapo. Na aliyemfuata. Mahali pale pale. Mwanangu akichungulia katika kamera, haoni kitu. Akipiga picha, kipo. Alifua pazia. Alifuta lenzi. Akabadilisha hata lenzi yenyewe. Kivuli hakikuondoka.

Baada ya majuma machache mshona viatu alifariki. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, lakini nani alilikumbuka hilo? Mtaani wakasema kivuli ndicho kilichomchukua, na watu walianza kuvuka barabara wasipite mlangoni petu.

Mke wa mwanangu alikuwa mjamzito. Mumewe alikuwa amempiga picha akiwa ameketi kwenye kiti kile kile. Alasiri moja nilimkuta mbele ya kompyuta, mkono mmoja tumboni, hapepesi macho.

"Baba, kiko na mimi pia."

"Ni doa tu, mwanangu."

"Doa gani lenye subira hivi? Linamngoja kila mtu mahali pamoja?"

Tangu hapo chakula kilimshinda. Alilala ameelekea ukutani. Siku yake ya kliniki ilipofika, alikataa kwenda.

"Nikapime nini? Mimi nimeshahesabiwa."

Mwanangu alichanganyikiwa. Alitoa lenzi, akaielekeza kamera juu kama tulivyozoea kwa kamera za filamu, akapuliza ndani kwa mdomo kwa nguvu zake zote. Kisha akapiga picha ya kiti kitupu.

Sasa vivuli vilikuwa vitatu.

"Wanaongezeka," alisema mkewe, bila kupaza sauti.

Hapo ndipo nilipomwita binti wa dada yangu, mpiga picha wa gazeti. Kwa ukali wa ulimi wake tunamwita Pilipili. Aliingia, akazitazama picha, kisha akanitazama mimi.

"Mjomba! Nyumba nzima ya wapiga picha, na mnakimbia picha?"

"Punguza mdomo. Eleza."

"Sielezi. Wifi atajionea mwenyewe."

Alimwinua mkwe wangu kitandani, akamleta studio na kumkabidhi kamera.

"Wifi, piga kile kiti. Kuna mtu?"

"Hakuna."

Vivuli vikatokea juu ya kiti. Mkwe wangu alitaka kuiweka kamera chini.

"Sasa pindua kamera, juu iwe chini. Piga tena."

Akapiga. Pilipili aliigeuza picha kwenye kompyuta ili kiti kisimame sawasawa. Vivuli havikuwa juu ya kiti tena. Vilikuwa sakafuni, karibu na miguu ya kiti.

Nilisogea karibu na kompyuta, nikavihesabu: vyote vitatu.

"Haya wifi, mzimu gani huu unaopinduka kamera ikipinduliwa?"

Mkwe wangu aliigeuza kamera mikononi, akaitazama. "Basi havimo chumbani," alisema polepole. "Vimo ndani ya kamera."

"Umewapita wote humu!" Pilipili akaitoa lenzi. "Ndani mna kipande kama kioo kinachopokea mwanga. Kinaitwa kihisi. Kwenye filamu, kila picha ilipata sehemu yake mpya. Vumbi likiingia, huenda likaondoka na filamu. Kihisi ni kile kile kila siku. Punje moja ikikaa hapo, inatia kivuli katika kila picha, mahali pale pale."

"Na hivi viwili vipya?" mwanangu aliuliza.

"Hayo ni mate yako, kaka."

Mkwe wangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa siku nyingi.

Pilipili alimfundisha mwanangu palepale. "Ukitaka kubadilisha lenzi, zima kamera. Tafuta mahali pasipo upepo wala vumbi. Lenzi ya pili iwe tayari. Uwazi wa kamera uelekee chini. Vumbi likiingia, puliza kwa pampu ndogo ya mpira, kamwe si kwa mdomo. Kihisi usikiguse kwa kidole wala kitambaa. Uchafu ulioganda mpelekee fundi."

Vumbi liliondoka kwa pampu. Mate yaliondolewa na fundi. Kamera iliporudi, mkwe wangu alipiga picha ya pazia. Lilikuwa jeupe, tupu. Alilikagua kutoka pembe hadi pembe, kisha akaketi mwenyewe kitini.

"Nipige," alimwambia mumewe.

Bega lake la kushoto lilikuwa bega tu.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kliniki. Muuguzi alimgombeza kwa kukonda, nami nilifurahi kumsikia akigombezwa. Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti kubwa.

Nanyi vijana, siwaombi, nawaagiza. Mkipokea chombo kipya, ulizeni siku ile ile namna ya kukitunza. Mkiona jambo msilolielewa, lichunguzeni na kulipindua kabla hamjaliita kifo. Na asikose kliniki mama yeyote mjamzito kwa ajili ya punje ya vumbi. Nataka nisikiwe.