Karatasi ya Meneja

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi Meneja alipiga filimbi, na nyumba nzima ikaamka, utake usitake. Meneja alikuwa simbilisi wa mdogo wangu: mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia, mwenye manyoya ya kahawia na meupe. Aliishi kwenye kizimba cha mbao na waya barazani, nyuma ya jikoni. Tulimpa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa, kula, na kulalamika chakula kikichelewa. Akisikia tu kisu kikigusa ubao wa mboga, basi, wiii! wiii! mpaka mama anasema, "Mpeni mkubwa wenu chakula chake kabla hajatufukuza kazi!"

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi, mimi kumi na tatu. Tulimwita Kibibi kwa maswali yake ya kizee. "Dada, mlango umeufunga au umeurudishia tu?" Mtoto gani anauliza hivyo? Nilimcheka sana. Leo nasema wazi kwamba mtu wa kuchekwa pale nyumbani nilikuwa mimi.

Likizo ilipofika, Kibibi alialikwa kwa bibi yetu kwa wiki tatu. Alikubali kwenda kwa sharti moja: nimtunzie Meneja. Siku ya kuondoka alinikalisha chini akanipa karatasi aliyoichora mistari kwa rula. Upande mmoja kulikuwa na tarehe, upande wa pili vyumba vitatu: majani mabichi asubuhi, maji safi, kipande cha pilipili hoho jioni.

"Ukimaliza kila kimoja unaweka vema," alisema. "Pumba peke yake hazimtoshi, dada. Lazima apate vya kijani kila siku. Umesikia?"

"Nimesikia, mheshimiwa."

"Sema, lazima kila siku."

"Lazima kila siku! Haya nenda bwana, basi litakuacha."

Siku nne za kwanza nilifanya kazi kweli. Majani yaliota nyuma ya tangi la maji, mwisho wa mtaa. Nilikwenda na kisu na mfuko, nikarudi nimelowa umande hadi magotini. Siku ya tano nilichelewa kuamka. Ya sita ilinyesha. Ya saba sina hata cha kusingizia, nilikuwa nacheza netiboli. Gunia la pumba lilikuwa pale pale barazani. Ukichota kopo moja, umemaliza. Basi nikawa nampa pumba na maji. Hoho alizonunuliwa Meneja nilizikatia kwenye mkate wangu, tena nikasifu utamu wake.

Na karatasi? Lo, karatasi niliijaza vizuri! Jumapili moja nilikaa nikaweka vema za siku tisa kwa mpigo, nikiupinda mkono kidogo zisifanane. Bidii niliyoitia kwenye uongo ule, ningeitia kwenye majani, Meneja angenenepa akashindwa kugeuka.

Kibibi aliporudi, hata begi hakulitua. Alipitiliza moja kwa moja barazani. Meneja alikuwa amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, pumba zake hajazigusa. Hakupiga filimbi. Kibibi alipomnyanyua, akalia kilio chembamba cha maumivu, na mguu mmoja wa nyuma akaukunja.

"Dada, ameanza lini?"

"Jana alikuwa mzima," nilijibu.

Huo nao ulikuwa uongo. Jana sikumtazama, nilimwaga pumba nikaondoka.

Nilitegemea Kibibi angelia. Hakulia. Alikwenda jikoni, ambako mama alikuwa anapiga mayai ya keki za wateja wake, akaomba mizani.

"Mizani yangu ya unga?" mama alishangaa. "Umpimie huyo?"

"Nitatandika karatasi, mama, na nikimaliza nitaiosha kwa maji ya moto na sabuni."

Mama alimtazama, akampa. Kumbe Kibibi alikuwa akimpima Meneja kila Jumamosi miezi yote hiyo, mimi nikidhani anacheza! Siku anaondoka, Meneja alikuwa na gramu mia tisa na kumi. Sasa zilikuwa mia sita na tisini.

"Zimepungua mia mbili na ishirini," alisema bila kuandika popote. "Huyu hakuanza kuumwa jana."

Nilijitia kufunga kamba ya kiatu.

Mchana huo huo tulikwenda kwa daktari wa mifugo. Alikuwa mama mmoja mrefu mwenye buti za mpira, aliyezoea kutibu ng'ombe na mbuzi. Chumba chake kilikuwa na kabati la dawa, na meza iliyofunikwa kwa bati. Nilidhani atatucheka kwa kumletea mgonjwa wa kubebwa kwenye kapu. Wapi! Alisugua viganja vyake kwanza vipate joto, ndipo akamshika Meneja, polepole, akiongea naye kwa adabu. Akamulika mdomo kwa tochi ndogo. Akagusa magoti kwa ncha ya kidole.

"Magoti yamevimba," alisema. "Na fizi zinatoa damu. Anakula nini huyu?"

Kibibi akatoa karatasi mfukoni. "Kila kitu kimeandikwa, daktari. Mimi sikuwepo wiki tatu, lakini dada hakukosa hata siku moja."

Alilisema hilo kwa fahari, kifua mbele. Nilitamani lile bati la meza linifunike.

Daktari alisoma karatasi yote kwa kidole, kuanzia juu mpaka chini. "Ajabu," alisema. "Isingekuwa karatasi hii, ningesema amekosa vitamini C. Simbilisi ni kama sisi watu, mwili wake hauwezi kuitengeneza, lazima aipate kwenye chakula. Lakini huyu amekula hoho na majani kila siku!" Akakuna kichwa. "Majani mnayatoa wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji," Kibibi alijibu. "Mimi ndiye niliyemwonyesha dada."

"Huenda yamepuliziwa dawa. Kuna sumu zinazotoa damu namna hii. Basi acheni majani na mboga zote kwanza. Mpeni uji mwepesi wa pumba na dawa hii, kesho mchana mnirudishie."

Nilijua, na nilikuwa mtu pekee mle chumbani aliyejua, kwamba daktari amemkataza Meneja kile kile kilichokosekana mwilini mwake. Ningefungua mdomo tu! Nikabeba kapu.

Tulipofika nyumbani, Kibibi aliosha kizimba chote. Akakusanya mboga zote za Meneja azitupe. Hoho moja ilipopita karibu na kapu, Meneja, aliyekuwa hajasogea tangu asubuhi, alinyoosha shingo, pua ikimcheza. Kibibi akaiondoa haraka.

"Hapana, Meneja," alimwambia. "Nimekuumiza vya kutosha."

Hata hapo sikusema. Naandika hili ili mjue uoga wangu ulikuwa wa kiasi gani.

Asubuhi ya pili hakukuwa na filimbi, na Meneja hakuinua kichwa. Uji wa pumba ulimtoka mdomoni ukalowesha kidevu. Nilimkuta Kibibi ameketi kwenye ngazi ya baraza, magoti ameyakumbatia, mbali na kapu.

"Mbona umemwacha peke yake?" nilimuuliza.

"Naogopa kumshika. Kosa ni langu, dada. Mimi ndiye niliyechagua pale nyuma ya tangi. Wewe umeamka kila siku na umande wote ule ukamkatia, kumbe nimekutuma sumu." Akafuta pua kwa kiganja. "Unisamehe."

Aniombe msamaha mimi! Nikakaa chini pale pale sakafuni.

"Kibibi, majani yale hayana sumu. Hakuyala."

"Hakuyala vipi?"

"Sikumpa. Siku nne tu nilimpa. Hoho nilikula mimi, vema nikaziweka tu."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Alinitazama mpaka nikainamisha uso.

"Siku ngapi hukumpa?"

"Kumi na saba."

Akasimama. "Vaa viatu. Utamwambia daktari kwa mdomo wako."

Mama alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, amesikia yote. "Yetu mimi na wewe bado yapo," aliniambia. "Kimbieni kwanza."

Tulibeba kapu na Meneja wake, tukakimbia. Daktari alikuwa anajiandaa kwenda kutibu ng'ombe, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Nilimweleza yote nikihema, na machozi yananitoka. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Maji je?" aliuliza.

"Maji nilimpa kila siku."

"Hilo nikuamini?"

Swali lile liliniuma kuliko kofi. "Ni kweli, daktari. Maji nilimpa."

"Vizuri. Kukugombeza nitakugombeza baadaye, sasa nina mgonjwa." Akaitupa buti chini, akafungua kabati. Alimchoma Meneja sindano ya vitamini, akatukabidhi na chupa ya matone ya vitamini hiyo hiyo. Kisha akatufundisha kuponda majani laini, kuyachuja, na kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake, kila baada ya saa mbili. "Hali yake si nzuri," alisema. "Siku mbili tatu hizi zitatuambia. Tumbo la simbilisi likikaa bure, linasimama."

Sasa njooni mumwone mdogo wangu kazini. Alimviringisha Meneja kwenye taulo, akampakata, akaliingiza bomba pembeni ya mdomo, nyuma kidogo ya meno. Tone moja. Akasubiri. Taya likicheza, koo likishuka, tone jingine. Ilimchukua nusu saa kumaliza kijiko kimoja, wala hakuguna. Katikati ya lishe mama alimwita akale, akajibu, "Akishiba yeye, mama." Mimi nilipojaribu mara ya kwanza, nilimwaga nusu kifuani kwake.

"Usimsukumie," Kibibi aliniambia. "Subiri ameze. Yeye ndiye anayejua lini."

Hayo tu. Siku mbili nzima hakunisemesha lolote isipokuwa la kazi: ponda haya, osha lile, saa nane ni zamu yako. Alfajiri nilikuwa nyuma ya tangi na kisu changu, na umande ule ule nikaupenda.

Siku ya tatu, mchana, nilikuwa nimempakata Meneja, Kibibi akikata hoho ya kuponda. Ukanda mwembamba ulianguka kwenye taulo. Meneja aliunusa. Akaung'ata, akasita, akatafuna. Krr, krr, krr. Mama aliacha kupiga mayai. Tulimtazama mpaka ukanda wote ukaisha.

"Mpe mwingine," Kibibi alininong'oneza, na sauti yake ilikuwa imelowa. Jioni mizani ilisema ameongezeka gramu kumi na mbili. Gramu kumi na mbili! Mama akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia kuuliza nani ameolewa.

Baada ya wiki moja tulirudi kwa daktari. Meneja alikuwa mwembamba bado, lakini alitembea mwenyewe juu ya bati, akijaribu kutafuna ncha ya koti la daktari.

"Haya, mheshimiwa," daktari alimwambia Kibibi, kalamu mkononi. "Nipe taarifa."

"Muulize dada," alisema Kibibi. "Zamu za mchana zote zilikuwa zake."

Daktari alinigeukia. Nikajikaza.

"Amelishwa kila saa mbili," nilianza. "Ila juzi nilichelewa, zamu ya saa nane nilimpa saa tisa kasoro robo. Na jana alitema matone yake. Sijui alimeza kiasi gani. Nilitaka kuandika amemeza, lakini sijui, kwa hiyo niliandika sijui."

Daktari aliandika kila neno. Alipomaliza, aliweka kalamu.

"Nilikuahidi kukugombeza," alisema. "Kaa hapo. Wagonjwa wangu wote hawajui kusema. Ng'ombe hawezi kuniambia hajanyweshwa, na huyu hakuweza kuniambia hoho zake zimeliwa na nani. Nawasikia kupitia midomo ya wanaowatunza. Uliponidanganya, ulimziba yeye mdomo, nami na elimu yangu yote nikamnyima dawa yake. Kuchoka ni kwa kila mtu. Kusahau pia. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekuwa nimemtibu siku ya kwanza. Leo umeniambia 'sijui', na hiyo 'sijui' yako naweza kuitumia. Nitampa matone mengine sasa hivi."

Nikasema ahsante, machozi yakinilenga.

"Na huyu," akaongeza, akimwelekezea Kibibi kalamu, "siku akimaliza shule aje nimpe buti." Kibibi akaangalia chini akitabasamu.

Daktari akafungua daftari la miadi. "Nataka kumwona tena Ijumaa mchana. Nani atamleta?"

Nilimtazama Kibibi. Tangu Meneja awe wetu, hakuwahi kutoka nyumbani bila Kibibi.

"Ijumaa shule zitakuwa zimefunguliwa, na mimi natoka jioni, dada saa sita," alisema Kibibi. Alimnyanyua Meneja kutoka juu ya bati, akaniwekea mikononi. "Atamleta dada. Atakachokwambia, andika."