Machela ya Kilima Chetu na Blogu ya Mjukuu Wangu

Mimi ni Badru, mwana wa Ridhiwani, mwana wa Omary. Babu yangu Omary alipanda kutoka Pwani na mizigo ya nguo na chumvi, akafungua duka Kasulu, na hadi leo wazee wa mji ule wakimtaja husema kwamba pishi yake ilikuwa pishi kamili. Baba yangu Ridhiwani alihamia Kibondo, akanunua shamba juu ya kilima tunachoishi, akachimba kisima ambacho hakijawahi kutiwa kufuli. Mimi mwenyewe nilisoma shule ya kati, enzi ambazo mwanafunzi alichapwa kwa kusahau nukta. Nimewataja wazee hawa kwa sababu wamo ndani ya kisa hiki, ingawa si kwa namna ambayo ningependa.

Ndugu zangu, kilima chetu kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara ya lami. Masika yakianza, udongo wetu mwekundu hauruhusu gari wala pikipiki kumshusha mgonjwa. Kwa sababu hiyo tulikuwa na chama cha machela, na mimi nilikuwa mwenyekiti wake. Kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja. Wanne hubeba, wengine hufuata nyuma wakingoja zamu, na kumvusha mtu mzima bondeni kunahitaji wanaume kumi na sita.

Machela yenyewe, ya mianzi na kamba za katani, ilikaa chini ya paa la Manirambona kwa miaka ishirini na miwili. Manirambona alivuka mpaka na wakimbizi wa mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake. Sasa ni raia wa nchi hii, na hapakuwa na mtu aliyejua kukaza zile kamba kama yeye. Asubuhi nilizoea kumkuta akiipaka mianzi mafuta ya mawese, tukapeana salamu ya asubuhi ya huku kwetu.

"Mwakeye, Mzee Badru."

"Mwakeye. Unaipamba kama bibi harusi."

"Bibi harusi huyu, Mzee, kila mtu atalala naye siku moja. Acha nimpambe."

Tuliishi hivyo, na hakuna aliyeuliza mgonjwa ni wa uzao gani.

Mjukuu wangu Firdausi, binti wa marehemu mwanangu, alisoma elimu ya jamii chuo kikuu. Alipokosa ajira alipanga chumba Kasulu, akaanzisha blogu aliyoiita Kilima Leo. Mwanzoni aliandika mambo ya maana: mbegu za maharage, uhaba wa madawati, na hasa daraja la magogo la bondeni kwetu, ambalo lilikuwa limeoza. Nilizisoma kazi zake kwa miwani yangu na kumsahihisha mkato na nukta. Wasomaji wake walikuwa thelathini, na nusu yao walikuwa ndugu zetu.

Alikuja nyumbani wakati wa sikukuu ya Idi, akaketi karibu nami.

"Shikamoo, mume wangu," alinitania, kama mjukuu anavyoruhusiwa.

"Marahaba, mke mdogo. Blogu yako imenenepa?"

"Imekonda, Babu. Daraja nimeliandika mara tatu, hamna kitu. Lakini dawa nimeipata, ilikuwa kwenye madaftari yangu ya chuo."

"Dawa gani?"

"Mtu hasomi habari za daraja. Anasoma habari zake mwenyewe. Anataka kujua yeye ni wa kundi gani na nani si wa kundi lake. Ukimwonyesha mstari, lazima aje atazame amesimama upande upi. Hiyo ni elimu, Babu, sikuibuni mimi."

"Na mstari huo utauchora wapi?"

"Sichori. Nauliza tu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Badala yake, aliponiuliza nyumba ipi ilitangulia kilimani na ipi ilifuata, nilivua miwani, nikaagiza chai, nikaanza na Omary. Siku tatu nilisimulia, naye akarekodi. Msomaji, usifikiri nakuficha: kuni za moto ule nilizikata mimi.

Makala ilitoka kwa jina la "Waliotangulia na Waliofuata". Firdausi aliorodhesha nyumba zote. Yetu aliiweka miongoni mwa waliotangulia, kwa kuwa ndivyo nilivyomwambia. Nyumba ya Manirambona na nyingine sita aliziweka upande wa pili. Hapakuwa na tusi hata moja. Mwishoni aliuliza: je, waliofuata wanashika nafasi gani leo katika vyama vyetu? Katika juma moja makala ilisomwa na watu elfu kumi na moja. Nilipokwenda Kasulu, watu walinisimamisha sokoni kunipongeza, nami nilisimama kwa furaha.

Kikao cha machela kilichofuata, Sylvesta, kijana mwenye pikipiki, alinyanyuka na simu mkononi.

"Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na mtu. Nauliza tu, kama alivyouliza mjukuu wako. Kwa nini machela ya kilima inalala kwa aliyefuata?"

"Ingelala kwako ungeshaifanya tundu la kuku," mtu mmoja alisema nyuma, watu wakacheka kidogo.

Manirambona hakucheka. "Sylvesta, baba yako nilimshusha kwa bega hili. Siku ile hukuniuliza nilifuata lini."

"Siku ile sikuwa na simu."

Nilipaswa kumkemea kijana yule hapo hapo. Lakini makala ilikuwa ya nyumba yangu, na sifa za sokoni zilikuwa bado masikioni. Nikasema tutalitazama kikao kijacho. Kikao kijacho hakikuwapo. Kesho yake Manirambona aliileta machela uani kwangu, akaiegemeza ukutani, akazikunja kamba vizuri, akaniaga kwa heshima. Nyumba zile saba zikaunda chama chao.

Nilimpigia simu Firdausi nikamwambia kilima kimepasuka.

"Hiyo inaonyesha wanasoma, Babu. Elfu kumi na moja! Subiri, sehemu ya pili nitawapatanisha."

Sehemu ya pili waliiandika wasomaji wenyewe, chini ya makala yake. Mmoja aliyeficha jina aliuliza: "Na huyu Omary wa Pwani, muuza chumvi, alitangulia lini?" Katika siku mbili mamia walimuunga mkono. Upande wa Sylvesta ukaniletea ujumbe, kwa adabu kamili, kwamba nipumzike uenyekiti. Hivyo mwana wa Ridhiwani, mwenye kisima kisichofungwa, naye akawa miongoni mwa waliofuata.

Jumatano moja ya Aprili, saa mbili asubuhi, mvua ikinyesha, Manirambona alikuja mbio uani kwangu. Mke wa mwanawe, Claudine, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mkunga alisema mtoto amelala vibaya, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Nyumba saba zilitoa wanaume saba. Nilituma mtu kwa Sylvesta kuomba wengine. Alirudi na jibu moja: "Chama chetu hakijaitisha."

Basi nikashika mti wa machela mimi mwenyewe, mzee wa miaka sabini na saba, nikawa wa nane. Wanne walibeba, wanne tukangoja zamu, na zamu ikaja haraka mno. Bondeni, kwenye daraja lile lile lililoandikwa mara tatu, gogo lilikatika. Tukamvusha Claudine ndani ya maji, tukipumzika kila hatua chache, naye akitusihi tusimwangushe. Safari ya saa mbili hadi kwenye lami ilituchukua saa tano.

Hospitalini walifanya kila walichoweza. Waliochelewa ni sisi. Claudine alipona. Mtoto wake wa kiume hakulia.

Firdausi alifika kutoka Kasulu siku iliyofuata. Yeye na Claudine walikaa dawati moja shule ya msingi. Alisimama kando ya kitanda. Claudine alimtazama, akasema taratibu:

"Firdausi, nami nauliza tu. Mimi ni wa upande upi?"

Mjukuu wangu, mwenye maswali mengi, aliitoa simu yake pale pale.

Aliifuta makala, akaandika nyingine ya kuungama, bila udhuru na bila kumsingizia mwalimu wake wala chuo chake. Ni kazi bora kuliko zote alizowahi kuandika. Sikuona nukta ya kusahihisha. Imesomwa na watu arobaini na mmoja.

Machela bado iko ukutani kwangu. Nimekwenda kwa Manirambona mara mbili kumwomba airudishe chini ya paa lake. Mara zote amenikaribisha, amenipa uji, na amekataa. "Mzee," aliniambia, "mimi sikuiondoa kwa hiari yangu. Aje kuirudisha aliyeuliza kwa nini inalala kwangu."

FUNZO

Elimu ya kuwajua watu ni amana. Anayejua kinachowavuta watu anaweza kuwavuta hadi kwenye daraja wakalijenga, na anaweza kuwavuta hadi kwenye ugomvi wakaukuza. Anayejitetea kwamba ameuliza tu hajasalimika, kwani swali nalo hutenda kazi baada ya mwulizaji kulala. Ukiwa na wasomaji thelathini, waandikie hao thelathini ukweli unaowafaa. Na sisi wazee tunaojivunia nasaba, tukumbuke kwamba juu ya kila kilima kila mtu alifuata mtu mwingine.

Enyi vijana wa Kibondo na Kasulu, nasema nanyi bila kubembeleza. Jumamosi saa tatu asubuhi machela itatoka uani kwangu kwenda kwa Manirambona. Nataka wanaume kumi na sita. Sylvesta, wewe utashika mti wa mbele. Firdausi atatembea ubavuni mwako, na simu zenu mtaziacha nyumbani. Fikeni.