Kidaka Alichokiziba Ame

Lipu ilianguka tena. Ingeanguka nyumba nzima mtu angesema saruji mbovu, au mchanga wa pwani haukuoshwa chumvi, yakesha. Lakini ilianguka ukuta mmoja tu, ule wa chumba cha chini nyuma ya ngazi, ikabanduka pande zima kama ganda la yai lililochemshwa. Kuta nyengine zote, za fundi yule yule na saruji ile ile, zimeshika barabara.

Ame Kificho alisimama mikono kiunoni akilitazama fungu la lipu sakafuni. Mtu ana duka la misumari, rangi na saruji pale Darajani, kutwa anawafundisha watu wa mji mzima namna ya kutengeneza majumba yao, halafu anashindwa na ukuta mmoja wa chumba kimoja. Alimwambia fundi wake, Matar, arudie. Matar akasema atarudia, lakini peke yake mle ndani hakai tena. Alipoulizwa kwa nini, akasema kunanukia udi, na tangu aanze kazi hajamwona mtu akifukiza.

Ame akamwambia aache upuuzi, achanganye saruji.

Nyumba yenyewe ilikuwa Malindi, ya mawe, ya ghorofa moja, boriti zake zimeliwa na dari inavuja, lakini nyumba. Ame na mkewe Kidawa walikuwa wamepanga chumba Kikwajuni tangu waoane. Kidawa alizaa mara mbili katika chumba kile, na watoto wote wawili walifia mle mle, na msiba wa pili mwenye nyumba aligonga ukuta kuwaambia wapunguze kilio. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Mama yake alishafariki, kwa hivyo nyumba ya mama ya kwenda kujifungulia, kama wendavyo wanawake wengine, hana. Akamwambia mumewe neno moja tu: safari hii hazai kwenye chumba cha watu. Ame akauza minazi yote ya urithi wake kule Mkokotoni, hakujibakishia hata mmoja, akanunua nyumba ya Malindi. Kurudi nyuma tena hapana.

Aliyemuuzia ni Bi Mwanakheir, mjane mtu mzima, aliyeletwa nyumba ile akiwa bi harusi na sasa anahamia kwa mwanawe Kiembe Samaki. Siku ya kukabidhiana alimchukua Ame mpaka chumba kile cha chini, akasimama mlangoni, akapiga hodi. Chumba kitupu. Kisha ndio akaingia, akamwonesha kidaka kilichokatwa ukutani, kina chetezo ndani na majivu.

"Humu sote tunapiga hodi, mwanangu," alimwambia. "Na Alhamisi jioni tunafukiza udi hapa. Yeye ana kidaka chake, sisi tuna nyumba yetu. Hatujagombana hata siku moja."

Ame akaitikia inshallah, ile inshallah ya kumfanya mtu mzima aondoke upesi. Laiti angeuliza huyo yeye ni nani. Hakuuliza, kwa sababu funguo ziko mkononi na kichwa chake kiko kwenye rangi. Na jambo la kwanza alilolifanya katika nyumba ile, kabla ya dari inayovuja, kabla ya choo, ni kukiziba kidaka kwa mawe na saruji. Alitaka ukuta unyooke. Kitanda cha Kidawa kitakaa pale, maana ngazi haziwezi tena na hicho ndicho chumba atakachozalia. Basi ndio ukuta huo huo ukawa hauvai lipu.

Siku hiyo ya kurudia, adhana ya adhuhuri ilipotoka Matar aliweka mwiko akaenda kuswali. Ame hakwenda. Alisema ataswali akimaliza, akapanda ngazi ya mbao na kuanza kupiga lipu mwenyewe kwa hasira, jasho linamchuruzika. Nje mchana mweupe, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, wanawake wawili wanabishana juu ya samaki.

"Hodi," sauti ikaita.

Ame hakujibu, alikuwa na saruji kwenye mwiko. Ikaita mara ya pili, sauti ya mwanamme mpole, mtu wa heshima zake. Ilipoita mara ya tatu Ame alifanya ambalo sote tungelifanya, maana sisi tumelelewa hivyo, mdomo unaitikia kichwa hakijafika.

"Karibu," akasema bila ya kugeuka. "Pita ndani, nyumba yako."

Ndipo alipotanabahi kwamba mlango uko nyuma yake na sauti imetoka mbele, imetoka ukutani, pale pale alipokuwa akipiga lipu, nyuma ya mawe aliyoyapanga kwa mkono wake, na kabla hajateremka hata kipago kimoja alihisi kitu kikimpita ubavuni taratibu, kama mtu anavyompita mwenzake kwenye njia nyembamba na kujibana asimguse, na harufu ya udi ikajaa chumba, ikatoka ukumbini, ikapanda juu, na juu huko ambako hakukuwa na mtu boriti zikaanza kulia moja baada ya moja kama zinazokanyagwa na mtu anayekagua nyumba yake. Lipu mbichi ikamwagika yote sakafuni. Matar aliporudi akamkuta amekaa kwenye baraza nje, kanzu imeganda saruji. Matar alimtazama, akaitazama nyumba, akaenda zake. Mwiko wake na ndoo yake hakuja kuvichukua mpaka leo.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Ame alihamia. Chumba cha Kikwajuni alishakirejesha, kimeshaingia watu wengine, na ukaidi wake nao mwajua, Mtumbatu huyo. Alimwambia Kidawa nyumba kongwe hulia, ni boriti tu.

Asubuhi ya kwanza walipofungua mlango walikuta vyombo vyao nje. Mikeka imekunjwa, masufuria yamepandanishwa, mto wa Kidawa umewekwa juu, vyote kwenye baraza kwa adabu, kama anavyotolewa mpangaji aliyemaliza muda wake. Ame akavirudisha ndani. Kesho yake viko nje. Akavirudisha. Akatia kufuli, akatia komeo la chuma kutoka dukani kwake, komeo bora alilonalo, na vitu viko nje, na majirani wameshaanza kuuliza kama anahama. Alirudisha vyombo vile mpaka mgongo ukamuuma, akawa anatukana huku anabeba. Sijui alikuwa akimtukana nani.

Kisha Kidawa akaitwa. Alikuwa akichambua mchele, akasikia jina lake kutoka ghorofani, akaitika naam kama mke anavyomwitika mumewe. Alishaitika ndipo akakumbuka mumewe yuko dukani.

"Kaniuliza nnajifungua lini," alimwambia Ame jioni ile, kwa sauti ya chini, macho yake kwenye ngazi. "Kwa upole kabisa, Ame. Kama mkunga."

Hapo ukaidi ukavunjika kidogo. Ame akavuka daraja mpaka Ng'ambo kwa Bi Khamisa, mwanamke mkunga, anayejua pia mambo ya majini na haoni haya kusema sijui. Bi Khamisa alikuja baada ya alasiri na chetezo chake. Akaitikia shikamoo zao, akasimama kizingitini, na kabla hajatia mguu akapiga hodi. Akanyamaza kama anayesikiliza, kisha akaingia moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma ya ngazi. Alifukiza, akasoma alivyosoma, akaweka sikio ukutani. Midomo yake ikawa inacheza polepole, kama mtoto anayesomeshwa. Alipojibandua uso wake ulikuwa umechoka.

"Huyu simtoi," alisema. "Alikuwa na kidaka tu, karidhika nacho. Wewe ukamzibia, akawa hana pa kukaa. Akapiga hodi. Anasema ulimwambia apite, nyumba yake. Kweli au uwongo?"

Ame akafoka, akasema hiyo ni kauli tu ya mdomoni, kila mtu husema, na nyumba yeye kainunua na hati anazo.

"Hati kamsomee yeye," alimjibu Bi Khamisa. "Nyumba umeshampa, na yeye kashapokea. Mkitaka kukaa, mzibulieni kidaka chake, na kila mtakaporudi mpige hodi hapo mlangoni, msubiri mkaribishwe. Katika nyumba ni mwenyewe tu asiyepiga hodi."

Kidaka Ame alikizibua jioni ile ile, anapiga nyundo na kusonya. Lakini hodi alikataa. Apige hodi kwake! Mbele ya majirani, mbele ya wateja wake wanaopita njia ile, asimame kwenye mlango wa nyumba aliyoiuzia minazi ya baba yake aombe ruhusa? Alisema bora ailale njia. Na njia karibu aliilala, maana vyombo viliendelea kutoka, na sasa mlango ulianza kuwafungia nje kwa ndani, kwa lile lile komeo lake bora.

Uchungu ulimshika Kidawa mchana, kwenye baraza. Alikuwa ametoka kidogo kupunga upepo, akasikia komeo likisukumwa nyuma yake. Ame aliitwa dukani akaja mbio, akamkuta mkewe ameinama ameshika nguzo, mikeka yao imepangwa pembeni yake kama kawaida, na mlango umefungwa. Akausukuma kwa bega. Akaupiga teke. Jirani mmoja akasema waje kwake, na Ame akamshika mkewe mkono wampeleke.

Kidawa akaung'oa mkono wake. "Kwa watu siendi," alisema, na meno yameumana. "Watoto wangu wawili wamekufa kwa watu. Piga hodi, Ame."

Watu walishakusanyika, yule muuza kahawa, wapita njia, na mteja mmoja wa rangi aliyekuwa akimdharau Ame tangu zamani. Ame akauelekea mlango wake. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena, na mtu nyuma yake akacheka. Mtu akipiga hodi ya tatu asiitikiwe huondoka, hivyo ndivyo tulivyofunzwa, na Ame akijua kwamba akiondoka hapo hana tena pa kumpeleka mkewe ambapo atakubali, na mtoto anakuja, na jua linachoma, na mlango ule aliousugua na kuupaka mafuta kwa mkono wake unamtazama tu, na aliipiga ile ya tatu kwa sauti ambayo hakuwahi kumwombea nayo mtu kitu chochote duniani.

"Karibuni," sauti ikajibu ndani, na komeo likafunguka.

Bi Khamisa alifika akawakuta wameshaingia. Mtoto alizaliwa chumba cha nyuma ya ngazi, mwanamme, mzima, mzito. Hakulia. Alifumbua macho akakitazama kidaka, akatulia. Walimwita Shamsi.

Na tangu hapo mambo yakanyooka. Ame alipiga lipu mwenyewe, ikashika. Dari haikuvuja. Vyombo havikutoka. Alhamisi Kidawa hufukiza udi, na kila arudiye husimama mlangoni akapiga hodi, kukajibiwa kwa sauti au kwa mlango kulegea, wakaingia. Vijana wa Malindi walimcheka Ame mpaka wakachoka. Yeye kila siku alipiga hodi ile akiwa amekunja uso, kila siku kama anayemeza shubiri, na kila siku akijiambia mwanangu mzima, basi.

Shamsi alipokuwa keshaweza kutembea na kusema, walimchukua kwenda Kiembe Samaki kumtazama Bi Mwanakheir, aliyekuwa mgonjwa. Bibi alifurahi. Akamshika mtoto kidevu, akauliza kama Kidawa alikwenda kujifungulia kwa ndugu zake. Kidawa akamwambia hapana, mle mle nyumbani, chumba cha chini.

Mkono wa bibi ukateremka.

"Sisi hatukuzalia mle hata mmoja wetu," alisema. "Ukoo mzima, wanawake tulitoka tukenda kuzalia kwa mama zetu. Sikumwambia mumeo. Mwanamme anayenunua nyumba utamweleza vipi habari za uzazi?"

Wakamuuliza ingekuwaje mtu akizalia mle. Akajigeuza upande wa ukuta, akasema kachoka, aachwe alale.

Walirudi mjini kwa basi. Walipoingia kichochoro chao jua lilikuwa bado kali. Shamsi akachoropoka mkononi mwa mama yake akakimbilia nyumbani. Ame akamwita, akamwambia asimame, wapige hodi kwanza. Mtoto aligeuka, akamtazama baba yake kama aliyeambiwa jambo lisilo na maana. Akausukuma mlango kwa kiganja, ukafunguka, akaingia. Nyuma yake komeo likasukumwa.

Hapo ndipo Ame alipojaribu kukumbuka siku hata moja aliyomsikia mwanawe akipiga hodi, na hakuikumbuka.

Wakasimama nje, yeye na Kidawa, na kikapu chao. Ame akapiga hodi. Akapiga tena. Muuza kahawa akawatazama, akageuza uso. Alipopiga ya tatu, ikajibu sauti ndogo, sauti ya Shamsi, lakini kwa ule upole wa mtu wa heshima zake.

"Karibuni," ilisema.

Kidawa akashusha buibui lake, kama mwanamke anayekwenda kwa watu. Ame akavua viatu, akavishika mkononi, wakaingia.