Kioo Kilichogoma Njia ya Maktau

Gari liliteleza likaingia mtaroni kabla Wakio, aliyeshika usukani, hajafanya lolote. Mvua ya Maktau, ambayo watu huiombea mwaka mzima, ilikuwa imechagua kunyesha siku hiyo hiyo, tena kwenye njia ya vumbi waliyoishika kukwepa lori lililopinduka barabarani.

Lewis, mumewe, aliteremsha kioo cha upande wake ili wasikizane, akashuka kusukuma. Gari likarudi nyuma likamkanyaga mguu. Wakio alimburura hadi kitini. Kifundo kilikuwa kimevimba vibaya, simu hazikushika mtandao, na maji yalikuwa yanamwagika ndani.

"Funga kioo," Lewis alisema akiuma meno.

Wakio akabonyeza swichi. Kitu kililia ndani ya mlango.

"Inalia lakini haipandi."

"Basi fyuzi iko sawa, na mota pia. Ni ile kebo ya kuvuta kioo. Fundi wa Voi aliniambia itatufikisha Wusi."

"Ametufikisha kweli," Wakio alisema.

Nyuma ya gari kulikuwa na machipukizi ya migomba. Ndovu walikuwa wameingia shamba lao la Mata mara mbili, na haya ndiyo yaliyobaki ya migomba aliyopanda marehemu baba yake. Mama yake alikuwa anayangoja Wusi. Wakio aliyachimbua mwenyewe huku akilia kwa hasira.

Mvua ilipokatika, waliwaona: ndovu watatu, mikonga juu, wakinusa. Wamemaliza shamba zima na bado hawajatosheka, Wakio aliwaza.

"Wamesikia harufu ya migomba," Lewis alisema. "Kioo hakiwezi kuzuia ndovu, lakini kitazuia harufu. Fungua kava la mlango."

"Itachukua muda."

"Hatuna muda."

Wakio aliyatazama machipukizi. Kisha akaanza kuyarusha nje ya dirisha, moja baada ya jingine, mbali kadiri alivyoweza.

"Bakisha moja, Mama Cynthia!" Lewis alimsihi mkewe.

"Na harufu yake nitaificha wapi?"

La mwisho alilirusha kwa nguvu kuliko yote.

Ndovu wakasimama kula. Wakio alilegeza skrubu kwa ncha ya kisu, akang'oa kava, akapasua nailoni iliyokuwa nyuma yake. Kebo ilikuwa imekatika na kujisokota. Akakibana kioo kwa viganja viwili, akakipandisha polepole, huku Lewis akikatakata ndala yake. Vipande vile wakavishindilia chini ya kioo. Kikakaa.

Walisikiliza migomba ya baba ikitafunwa. Ndovu mmoja alikuja, akapapasa kioo kwa mkonga, akakiachia kamasi, akaenda zake. Wakio hakumwogopa. Alimchukia tu.

Alasiri trekta la shamba la mkonge likapita. Dereva wake, Maundu, akawavuta.

"Nyinyi mko na bahati sana. Ndovu hawajaharibu kitu?"

"Hakuna," Lewis alijibu. Wakio hakumwangalia.

Hospitalini Mwatate, Lewis alifungwa plasta. Jua lilikuwa linashuka walipofika Wusi. Mama alikuwa amesimama kando ya mashimo aliyochimba, kila moja limetiwa samadi, jembe bado mkononi. Akaja mbio, akainamia dirisha lililokazwa kwa ndala.

"Yako wapi, mwanangu?"

Wakio akabonyeza swichi ili amjibu. Mota ikalia, ikalia. Kioo hakikushuka.