Kuonja Nako ni Kula

Kila asubuhi Bi Moto aliwasha jiko kabla wenzake wa sokoni hawajafungua vibanda vyao. Aliteleka karai kubwa, akamimina ndani yake chumvi ya mawe. Chumvi ilipopata moto sawasawa, alimwaga karanga na kuanza kugeuza kwa mwiko. Chumvi hupeleka joto pande zote, karanga zisiungue huku na kubaki mbichi kule. Kazi hiyo alifundishwa na dada yake mkubwa. Dada yake alikuwa na sheria moja: "Mkaangaji hapimi kwa saa. Anapima kwa ulimi."

Basi Bi Moto alipima kwa ulimi. Karanga zikianza kupasuka, alionja. Ganda likibadilika rangi, alionja. Akishazichekecha chumvi ikatoka, alionja. Zikipoa, alionja tena. Na mteja akisita, Bi Moto alitia chache mdomoni mbele yake, akatafuna huku akitabasamu. Mteja gani angebaki na shaka?

Pembeni yake aliketi binti wa dada yake, akifunga karanga kwenye karatasi. Binti huyo alimwita Bi Moto mama mdogo. Tangu mama yake azikwe, waliishi nyumba moja.

Dada Mkubwa aliondolewa na kisukari. Kwanza ilikuwa kiu. Kisha kidonda cha mguuni kikagoma kupona. Mguu ukakatwa, na mwaka huohuo akafa. Karai lake ndilo hilo Bi Moto alilotumia sasa.

Kwa hiyo siku Bi Moto mwenyewe alipopimwa damu kliniki, hakuyasikia vizuri maneno ya daktari. Ilibidi yarudiwe.

"Mama, bado si kisukari," daktari alisema. "Sukari yako imepanda, iko mpakani. Ukipunguza uzito, inaweza kurudi chini. Tutakupima tena baada ya miezi michache. Ikizidi kupanda, tutaanza dawa."

Mpakani. Dada Mkubwa naye aliambiwa hivyohivyo. Alicheka, akasema mpakani si nyumbani, akarudi kwenye karai lake. Hakupima tena mpaka alipopata kidonda.

Bi Moto hakucheka. Alirudi nyumbani akatoa sukari jikoni, akatoa mkate, akatoa soda. Wali na viazi akavifanya kitu cha kuonja tu kwa ncha ya kijiko.

"Kuanzia leo napunguza wanga," alimwambia mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa kufuli, na watu wote walimwita Fundi, hata mkewe.

"Na mimi?" Fundi aliuliza. "Mimi nimekosa nini?"

"Wewe kula wali wako. Ila usinilie mbele ya pua."

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Bi Moto alikula mayai, samaki, kuku, kabichi na mboga za majani. Alishiba. Gauni la kazini likaanza kumpwaya. Sokoni walimsifu, naye akawalipa sifa zao kwa karanga za bure.

Muuza vitambaa mmoja akamwambia, "Ukishaacha wanga, kula mafuta utakavyo. Mafuta hayahesabiwi. Mimi binamu yangu ndivyo alivyofanya."

Maneno hayo yalimpendeza Bi Moto. Tangu siku hiyo mboga zake ziliogelea kwenye mafuta.

Binti hakupendezwa. Yeye alikuwa na simu yenye programu ya kuhesabu kalori, yaani nguvu iliyomo kwenye chakula. Kila kilichofika mezani alikiandika humo kwanza, ndipo akala. Yai aliliandika. Nyanya aliiandika. Jani la kitunguu aliliandika.

"Mama mdogo, na wewe tuandike," alisema wakiwa mezani. "Hayo mafuta umeweka vijiko vingapi?"

"Mwanangu, niache nile. Mimi sili wanga. Asiyekula wanga hahesabu."

"Nani kasema?"

"Muuza vitambaa."

"Huyo anajua mita, hajui kalori!"

Fundi alicheka mpaka akapaliwa. Binti hakucheka. Alisukuma sahani yake ikiwa nusu, akasema ametosheka. Fundi na mkewe walitazamana. Binti alikuwa mwembamba tangu zamani, na sasa alizidi kukonda. Usiku alisikika akigeukageuka kitandani.

Mwezi wa pili gauni likaacha kupwaya. Mwezi wa tatu likaanza kubana. Bi Moto alipanda mizani ya duka la dawa, akashuka, akapanda tena, kama mtu anayedhani mizani imekosea. Haikukosea. Kilo zilizotoka zilikuwa zinarudi, na siku ya kupimwa damu ilikuwa inakaribia.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli. Angekuwa anakula mikate kwa siri, angejua la kuacha. Lakini alikuwa hali mikate. Aache nini tena?

Ghorofani, juu yao, kulikuwa na mpangaji aliyefanya kazi kliniki, kwenye chumba cha lishe. Walimwita Jirani wa Juu. Bi Moto alimkuta akianika nguo, akamweleza yote.

"Wanga nimeacha karibu wote," alisema. "Sasa binti yangu ananiambia nihesabu kalori. Sokoni wananiambia nisihesabu. Nimsikilize nani, dada?"

Jirani wa Juu alibana nguo ya mwisho kwenye kamba. "Unatumia dawa yoyote ya sukari?"

"Hapana, bado."

"Nauliza kwa sababu mwenye dawa hapunguzi wanga bila kumwambia daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka. Wewe sawa. Sasa niambie, tangu unapoamka mpaka unapolala unatia nini mdomoni?"

Bi Moto alimtajia. Mayai asubuhi. Samaki na mboga mchana. Kuku na kabichi jioni. Maji.

"Basi?"

"Basi."

"Na karanga?"

"Karanga siwezi kula, dada. Ni mali ya biashara. Naonja tu."

Jirani wa Juu aliokota beseni lake tupu la nguo. Kisha akasema, "Kesho sina zamu. Nitakuja kukutazama ukikaanga."

Kesho yake alikuja na kikombe cha chai, kitupu. Alikiweka karibu na jiko.

"Fanya kazi kama siku zote," alisema. "Ila karanga zote unazotaka kuonja, zitie humu. Usipunguze, usiongeze. Mkono ukienda mdomoni, upeleke kikombeni."

"Nitajuaje kama zimeiva?"

"Binti ataonja leo."

Bi Moto alianza kazi. Karanga zikapasuka, mkono ukaenda. Akaukumbuka njiani, akautia kikombeni. Akachekecha, mkono ukaenda. Mteja akasimama, mkono ukaenda. Mara nyingine alikuwa ameshafungua mdomo ndipo akasikia binti akimwita, "Mama mdogo! Kikombe!"

Wenzake wa sokoni waliona kichekesho. "Leo Bi Moto anafunga?" mmoja aliuliza.

"Leo ananyonyesha kikombe," mwingine akajibu.

Jua lilikuwa bado halijafika kichwani, kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Fundi, aliyepita kuchukua chakula chake cha mchana, alikitazama akapiga mluzi.

"Haba na haba!" alisema.

Bi Moto aliketi. Alikitazama kikombe, mwiko umelala mapajani.

"Hizi zote?" aliuliza. "Hizi zote huwa zinaingia tumboni mwangu?"

"Na siku haijaisha," alisema Jirani wa Juu. "Sikia, mama. Karanga si chakula kibaya. Lakini zimejaa mafuta, na mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito uleule. Kikombe hiki kina nguvu kushinda sahani ya wali uliyoiacha. Wewe ulifunga mlango wa mbele, ukaacha wa nyuma wazi."

Fundi alitaka kusema kitu kuhusu milango, mkewe akamkata jicho.

"Na mafuta ya mboga?" binti aliuliza haraka.

"Hayo pia. Kijiko kimoja au viwili vinatosha sufuria ya watu watatu."

"Unaona, mama mdogo? Nilisema tuhesabu!"

"Kwa hiyo tuhesabu?" aliuliza Bi Moto. "Maisha yangu yote nihesabu?"

Jirani wa Juu alivuta kigoda akaketi. "Kalori zipo, uhesabu usihesabu. Mvua haiachi kukulowesha kwa sababu hukuhesabu matone. Ila kupunguza wanga kunasaidia watu wengi kwa njia hii: nyama, samaki, mayai na mboga vinashibisha, kwa hiyo mtu anakula kidogo bila kujilazimisha. Mtu wa namna hiyo, kama anashiba na uzito unashuka, ahesabu ya nini? Lakini uzito ukikwama, hesabu siku chache ujue nguvu inaingilia wapi. Ni kama kuwasha taa kutafuta sindano. Ukiiona, okota, uzime taa."

Kisha akamgeukia binti. "Na wewe, mwanangu. Taa yako umeiwasha usiku na mchana. Unapunguza nini, na huna cha kupunguza?"

Binti aliinamia karatasi zake. "Nilimwona mama," alisema. "Sikujua ni kipi hasa kilimfikisha pale. Nikaona heri nihesabu vyote."

Hakuna aliyetania hapo. Karanga zilipasuka kwenye karai, na moja ikaruka ikaanguka vumbini.

"Kisukari hakina sababu moja," alisema Jirani wa Juu polepole. "Kuna uzito, kuna damu ya ukoo, kuna umri. Huwezi kukizuia kwa kuhesabu majani ya kitunguu. Kula ushibe. Tembea. Pima damu kila mwaka kwa sababu mama yako alikuwa nacho. Hiyo inatosha kwa msichana wa umri wako."

Kuacha kuonja hakukuwa rahisi. Bi Moto alijua kukaanga kwa ulimi, na ulimi ulipofungwa alikuwa kama kipofu. Siku ya kwanza aliunguza karai zima. Siku ya pili akaogopa moto, karanga zikatoka mbichi. Muuza vitambaa alirudisha fungu lake akasema, "Hizi, mwenzangu, bado ziko shambani."

Jioni hiyo Bi Moto alisema anarudia njia ya dada yake ya kuonja, liwe liwalo. Wateja wakimkimbia, nyumbani watakula nini?

Fundi alikuwa akisugua funguo kwa tupa. Hakuinua kichwa. "Mimi nafungua kufuli nisiloliona ndani," alisema. "Nasikiliza. Nagusa. Karanga zako hazisemi?"

Bi Moto alitaka kumjibu vibaya, akakumbuka mlio wa karai. Karanga zilikuwa zinasema. Alizisikia miaka yote bila kuzitilia maanani. Mwanzo zinapasuka mojamoja. Kisha zinapasuka kwa fujo. Kisha mlio unapungua, na harufu inakuwa nzito.

Asubuhi alisikiliza. Mlio ulipoanza kupungua, alitoa karanga moja na kuipoza kiganjani. Akaisugua kwa vidole: ganda likatoka lenyewe. Akaipasua katikati: rangi ilikuwa kama ya kahawia hafifu, sawa mpaka ndani. Akaepua karai mara moja, kwa sababu karanga huendelea kuiva kwenye chumvi ya moto. Zilipopoa, alionja moja. Moja tu. Ilikuwa imeiva vizuri kuliko zile za ulimi.

Wateja walipotaka kuhakikishiwa, aliwapa wao waonje. Ikaonekana wanapenda hivyo zaidi.

Karanga hakuziacha kabisa. Alikula kiganja kimoja jioni, akiwa ameketi, akijua kwamba anakula. Mafuta ya kupikia aliyapima kwa kijiko. Kwa siku chache aliandika vyakula vyake pamoja na binti, wakaona vinakwenda sawa, wakaacha kuandika. Alishiba kama zamani. Gauni likaanza tena kumpwaya.

Siku ya kupimwa damu ilifika. Binti alikwenda naye. Walikaa kwenye benchi la kliniki, na binti alimshika mama yake mdogo mkono kama yeye ndiye mkubwa.

Daktari alisoma karatasi. "Imeshuka," alisema. "Imerudi mahali pake. Dawa hatuhitaji sasa. Lakini usilale, mama. Ukirudia mambo ya zamani, nayo itarudi. Njoo tena mwakani."

"Nitakuja," alisema Bi Moto.

Nje, binti alisimama ghafla akaanza kulia, pale mlangoni, watu wakipita. Bi Moto alimngoja. Hakumbembeleza sana. Alikuwa akimfikiria dada yake, aliyeonja kwenye karai lilelile miaka mingi, asiwe na mtu wa kumwekea kikombe karibu na jiko.

Binti alifuta uso kwa kiganja. "Kwa hiyo utakaa na mimi, mama mdogo?"

"Nitakaa. Nina safari gani?"

"Nasikia njaa."

"Hilo ndilo neno," alisema Bi Moto. "Twende ukale, na leo ule mpaka useme basi."