Jina Chini ya Wimbo

Kila Jumapili baada ya misa, mwanangu Editha hunipigia kwa simu ya matroni. Hupewa dakika tano, na ndani ya dakika hizo hunisimulia wiki nzima. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri. Wanafagia, wanaoga, kisha kabla ya uji wanasimama uwanjani kufungua koo, "maa, mee, mii," mpaka mbwa wa jirani wanaitikia. Asubuhi ni masomo kama shule nyingine yoyote: hesabu, jiografia, Kiingereza. Mchana ni ngoma, maigizo na kuimba. Ndiyo Shule ya Sekondari ya Sanaa Lukwele, mjini Morogoro, shule ya serikali. Mtoto haingii pale kwa sababu baba yake anajulikana. Anaingia kwa kuimba mbele ya walimu watatu, nao wakikubali, ameingia.

Mimi nakaa juu milimani, Mgeta. Nalima karoti na kabichi, naosha karoti mtoni, najaza viroba, nasubiri lori. Niliacha shule darasa la nne, kwa hiyo msitegemee maneno ya mapambo. Mwalimu wa Editha ndiye aliyesema niwaelezee ninyi wanafunzi yaliyotokea, nami naeleza kama nilivyoyaona.

Mama yake, Veronika, alifariki Editha akiwa darasa la tano. Mvua ilikuwa imekata barabara, barabara ileile ambayo wakubwa walituahidi katika chaguzi tatu. Tulimbeba kwa machela, akakata roho kabla hatujalifikia gari. Tangu siku hiyo, mtu wa ofisini akinisalimia namwitikia, lakini namwangalia mikono, nione anataka kuchukua nini. Sitafuti huruma. Nataka mjue kwa nini nilikosea.

Mwezi wa tisa shule iliita Siku ya Wazazi. Nilishuka na lori la kabichi, nikanawa miguu bombani, nikaingia. Viti vyenye mito viliwekwa mbele kwa wageni rasmi. Sisi wenye watoto tulikaa nyuma kwenye mabenchi, juani. Watoto walicheza, wakaigiza, tukacheka. Kisha mwalimu wa muziki, Mwalimu Nasibu, akashika kipaza sauti.

"Sasa ni wimbo mpya," akasema. "Umetungwa na Editha Fransisko, kidato cha pili."

Fransisko ni mimi. Nilinyoosha shingo.

Editha alitoka na wenzake saba. Alipotoa neno la kwanza tu, niliujua ule wimbo. Ulikuwa wa kina mama wa upande wa Veronika, wanaouimba kwa Kiluguru wakichimba matuta ya ngazi mlimani. Maneno yake kwa Kiswahili ni haya:

*Bwana mkubwa, shuka juu ya farasi,*
*jembe hili lina mpini mmoja.*
*Mgongo unaouma ni wangu,*
*na udongo huu unanijua jina.*

Aliutunga bibi yake Veronika, Bibi Bernadeta, enzi za mkoloni, watu walipolazimishwa kuchimba ngazi bila kuulizwa. Aliuimba mbele ya yule aliyetumwa kuwasimamia, akapigwa, na kesho yake akauimba tena. Mgeta kila mwenye jembe anaujua. Mjini hakuna aliyeujua, na wale wa kwenye mito walipiga makofi mpaka wakasimama.

Baadaye Editha alinifuata kwenye benchi. "Shikamoo baba. Umeusikia?"

"Marahaba. Nimeusikia."

Akaniangalia usoni kwa muda. Alikuwa anangoja niseme. Nami moyoni nilikuwa nafurahi, tena furaha mbaya. Nilijiambia: hawa wakubwa wametuchukulia vingi, leo na sisi tumewachezea.

"Umeimba vizuri," nikamwambia, nikampa mkungu wa ndizi aliokuwa ameagiza. Hapo ndipo mimi, mtu mzima, nilipokosa.

Wiki mbili baadaye wimbo ulichaguliwa kwenda mashindano ya mkoa, kundi la nyimbo mpya zilizotungwa na wanafunzi. Wakishinda, watoto wote wanane wangepelekwa Dodoma. Mtu alikuwa ameurekodi kwa simu. Simu hazijui mlima. Siku ya nne wimbo ulikuwa umeshafika Mgeta.

Kondo, kaka yake marehemu mke wangu, alinikuta shambani. Hakuketi.

"Shemeji," akasema, "bibi yangu amefufuka lini akaingia kidato cha pili?"

"Ni mambo ya shule hayo."

"Ni mambo ya ukoo. Umesikia jina lililosomwa?"

"Nimesikia. Mtoto ni wangu, Kondo."

"Mtoto ni wa ukoo wetu, wewe tumekuazima umlee," akasema, na hapo alitabasamu kidogo, maana ni utani wetu wa miaka yote. Kisha tabasamu likaisha. "Kwetu wimbo kama ule una wenyewe. Angeniomba mimi mjomba wake, ningempa, maana ni wake pia. Wewe ulimruhusu kama nani? Hata kwenye mahari uliyolipa, shemeji, wimbo haukuwemo."

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli. Nilikuwa najua. Nilijifanya nimesahau kwa sababu nilipenda kuona wakubwa wakidanganywa. Kesho yake tukapanda lori, mimi na Kondo.

Mwalimu Nasibu alitupokea kwenye chumba cha ngoma, akamwita Editha. Mtoto alipomwona mjomba wake, alijua.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo baba."

"Marahaba," Kondo akajibu. "Nani aliutunga ule wimbo?"

Editha aligeukia dirishani. Nje watoto wengine walikuwa wakipiga ngoma, wakakosea, wakaanza upya.

"Bibi Bernadeta," akasema.

"Kwa nini limesomwa jina lako?"

"Mwanzoni kwenye fomu niliandika jina la bibi, kundi la nyimbo za jadi. Judith akanicheka bwenini, akasema, 'Mgeta mmetuletea wimbo wa kubebea kabichi.' Wote wakawa wananiita Kabichi. Halafu mwalimu akasema kundi la jadi limejaa, kuna ngoma ya wanafunzi wa Kisaki. Nafasi zilizobaki ni za nyimbo mpya tu." Akainua uso. "Nikafuta jina la bibi, nikaandika langu. Judith hakunishika mkono, wala mwalimu. Mkono ulikuwa wangu."

Mwalimu Nasibu alikuwa kijana, na uso wake ulionyesha kila kitu. "Mimi nilisema nafasi zimejaa," akasema. "Na nilijiuliza mtoto wa miaka kumi na minne ametoa wapi maneno ya farasi. Sikuuliza, kwa sababu nilitaka tushinde. Twendeni kwa mkuu."

Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa na feni na vikombe vya ushindi vimepangwa dirishani. Alitusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, sitamsingizia. Kisha akafunga faili lake.

"Wazee wangu," akasema, "orodha imeshakwenda mkoani. Tukiurudisha wimbo, shule itaaibika na watoto wanane watakosa safari. Haya tuyamalize humu humu. Mashindano yakipita, tutamtaja bibi. Kwani nani atajua? Mwenyewe yuko kaburini."

Kondo alishika kofia yake kwa mikono miwili. Mimi damu ilinipanda, nikafungua mdomo nimwambie yote niliyoyaweka miaka minne, ya barabara na ya machela. Lakini Editha alinitangulia.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Jina lake nimelifuta mara moja. Silifuti mara ya pili."

"Editha, unajua unapoteza nini? Safari ya Dodoma. Alama arobaini za vitendo za mwaka huu."

"Najua."

"Na udanganyifu una adhabu yake hapa shuleni."

"Nitaipokea, mwalimu. Ila iandikwe pia kwamba leo ofisi imejua, ikaniambia ninyamaze."

Hakuangalia chini. Mkuu wa shule alimtazama kama mtu aliyepewa kikombe cha chai akakuta kina chumvi. Kisha akanigeukia mimi.

"Mzazi, umesikia mwanao anavyozungumza na wakubwa?"

Ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa na maneno tele, nikatafuta moja ambalo lingemchoma. Nililolipata lilinichoma mimi.

"Nimesikia," nikasema. "Na mimi nimwongezee. Nilijua tangu Siku ya Wazazi. Nilinyamaza. Ukiandika makosa, andika na langu."

Editha aligeuka akaniangalia. Sijui kama nimewahi kuangaliwa vile na mtu tangu mama yake afariki.

Mkuu akavuta karatasi. Barua ilikwenda mkoani siku ileile, ikiwa na saini yake, ya Mwalimu Nasibu na ya Editha. Wimbo ukaondolewa. Editha akapewa wiki mbili za kuosha masufuria ya jikoni, naye akaosha. Alama arobaini zikafutwa.

Msidhani wenzake walimpigia makofi. Wale saba walikuwa wameshaanza kupanga watavaa nini Dodoma. Walipompita jikoni walisema, "Asante, Kabichi, tumefika Dodoma salama." Jumapili akanisimulia kwa zile dakika tano, na sauti yake ilikuwa imechoka.

"Umejutia?" nikamuuliza.

"Najutia kuandika. Kusema sijutii."

Jumatatu iliyofuata, Mwalimu Nasibu alisimama kwenye mkusanyiko wa asubuhi akawaambia wanafunzi wote kwamba yeye naye alikosea, alitaka kikombe kuliko ukweli. Wanafunzi wakatazamana. Hawajazoea mwalimu kusema hivyo. Kisha akampa Editha kazi mpya: atunge wimbo wake mwenyewe kwa siku ya kufunga shule, na huo ndio utapewa alama.

"Mimi sijui kutunga," Editha akamwambia.

"Bibi yako alitunga kuhusu nini?"

"Kuhusu kilichokuwa kinamuuma."

"Na wewe kinachokuuma ni nini?"

Siku ya kufunga shule nilishuka tena, na Kondo. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, kwa hiyo tulikaa ukumbini. Editha alianza na wimbo wa Bibi Bernadeta. Kabla ya kuimba alimtaja jina, kijiji chake na mwaka alioutunga, akasema anauimba kwa ruhusa ya mjomba wake Kondo, aliyeketi pale. Kondo alisimama akainama kama waziri. Watu walicheka, naye akafurahi.

Kisha Editha akasema, "Huu wa pili nimeutunga mimi."

Ulikuwa unahusu paa la bweni la wasichana. Mvua ikinyesha juu, inanyesha na chini. Ndoo moja ya kuogea, ndoo mbili za kukingia maji. Godoro la Judith limeota uyoga, tuukaange au tuupeleke ofisini? Kila mwaka fundi yuko njiani, fundi huyo anatembea kwa magoti? Wasichana wote waliitikia, na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Judith.

Wazazi walicheka, halafu wakaacha kucheka. Mwenyekiti wa bodi ya shule, Mama Theresia, aligeuka kwenye kiti chake chenye mto.

"Mkuu, ni kweli haya?"

Mkuu wa shule aliangalia viatu vyake. Angeweza kusema mtoto huyu alishakamatwa kwa udanganyifu, msimwamini. Lakini barua ilishaandikwa na adhabu ilishatumikiwa. Hakuwa na cha kumshikia.

"Ni kweli," akasema. "Paa linavuja."

"Basi twende tukalione," akasema Mama Theresia, akanyanyuka na mwavuli wake. Wazazi tukamfuata tukiwa tumelowa mpaka magotini, wageni rasmi na wa mabenchi pamoja.

Wimbo ule ulipata alama ishirini na sita kati ya arobaini. Mwalimu Nasibu alisema ubeti wa tatu una vina vibovu. Editha alikubali, maana una vina vibovu kweli.

Kabla hatujaondoka, Kondo aliwaita wale watoto wanane, Judith naye akiwemo.

"Wanangu," akasema, "wakubwa wana makosa, na nyie mna haki ya kuwaambia. Msiogope. Lakini anayetaka kumwambia mkubwa ukweli, aanze na wake mwenyewe, hata kama unamgharimu. Bibi Bernadeta alimwimbia bwana mkubwa usoni kwa sababu shamba lilikuwa lake na jembe lilikuwa lake. Angekuwa na jembe la kuiba, angeimba kwa sauti gani?"

Aliwaangalia mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi pia, wala hakusema kwa nini.

Mwezi wa kwanza nilishuka mwenyewe kwenda kuangalia lile paa. Mabati mapya yamepigwa upande mmoja. Niliingia ofisini nikauliza upande wa pili ni lini. Wakaniambia fundi yuko njiani. Nimewaambia nitarudi mwezi wa pili.